Kijana mwenye usonji kwenye duka la vifaa vya uvuvi: nimwajiri kama mfanyakazi, au nitakuwa namsaidia tu?

Mama Ndoano (Kirumba)

Habari za leo wakuu, na walioko huku kwetu Mwanza, mwangaluka.

Nina duka la vifaa vya uvuvi Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Nauza nyavu, kamba, maboya, ndoano, taa za sola za dagaa na vipuri vidogo vya mashine za boti. Wateja wangu wengi ni wa visiwani: Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome. Wanaagiza kwa simu, nafunga mzigo, unapanda boti. Ukikosea namba ya ndoano, mteja anagundua akiwa ameshafika kambini, ziwa liko katikati yenu na usiku wa kazi umeshampita. Anayepoteza jina hapo ni mwenye duka.

Wasaidizi nimepata wengi. Wachangamfu, wanajua kuongea na wateja, lakini stoo yangu hawaiwezi. Wanachanganya, wanakisia, wanaandika "boksi 4" wakati yapo 3 na nusu.

Sasa nina jirani yangu anayeishi Pasiansi, ana kijana wa miaka 22 mwenye usonji (autism kwa Kiingereza, hali inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake). Amemaliza kidato cha nne. Hesabu alifaulu vizuri, insha zilimshinda. Anaongea, ila kwa kifupi, na ukimrushia maswali mfululizo ananyamaza kabisa. Mama yake hupita naye dukani siku za Jumamosi. Majuzi, wakati mimi na mama yake tunaongea, alisogea kwenye kasha ambalo binti wa dukani alikuwa amemwagia ndoano za namba 9, 10 na 11 pamoja. Hakuuliza mtu. Alizitenganisha zote kwa macho tu, tena wale mnaozijua mnaelewa kwamba 10 na 11 zikiwa zimelala kifudifudi hata mvuvi mzoefu huzipima kwenye kidole. Walipoondoka nilizipitia moja moja. Hakukosea hata moja.

Tangu siku hiyo nawaza kumwajiri. Kaka yangu ambaye ni mbia wangu hataki kusikia. Anasema hiyo ni sadaka, na sadaka isichanganywe na biashara. Kama namwonea huruma huyo mama basi nimpe hela mkononi. Mimi sioni kwamba ni huruma, lakini sina maneno ya kumjibu. Je, biashara inapata nini kwa mtu kama huyu? Nimlipeje? Na duka lenyewe ni la kelele, vipaza sauti vya Mwaloni, wateja wana haraka, na kijana hatoi shikamoo kwa mtu yeyote. Wazee wa boti watamwelewa?

Naomba anijibu mtu aliyefanya kazi na mwenzake mwenye usonji, au aliye hivyo mwenyewe. Ya kusikia nimeshayasikia mengi.

---

Msafiri wa Kamanga

Dada yangu, nia yako ni njema lakini namuunga mkono kaka yako kidogo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Huyo kijana na mama yake wakifuatilia pale halmashauri wanaweza kupata mtaji, wakafungua kibanda chao, akafanya kazi kwa utaratibu wake bila kugombezwa na mtu. Wewe ukimwajiri, siku akikasirika mbele ya mteja hasara ni yako.

---

Stoo Igogo

Mama Ndoano, nimekusoma mara mbili, nikaona nisilale bila kukujibu.

Mimi ni msimamizi wa stoo kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Jina la kiwanda naliacha. Kwenye idara yangu kuna kijana mwenye usonji, tuko naye tangu kabla ya korona. Leo hii nikiambiwa nivunje timu yangu yote niichague upya, jina lake ndilo nitakaloandika la kwanza. Nasema hivyo kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe ngoja nikueleze ili kaka yako aione.

Sangara akishuka kwenye gari la barafu anakuja na karatasi yake: ametoka mwalo gani (pale boti zinaposhushia samaki), kwa wakala gani, kilo ngapi. Kuanzia hapo hadi katoni inafungwa, ile namba ya mzigo haitakiwi kukatika mahali. Mnunuzi wa Ulaya anataka mnofu ukionekana na kasoro kule Uhispania au Ubelgiji, tuweze kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mwaloni. Waliokuwa kwenye biashara hii mwaka 1999 wanakumbuka Umoja wa Ulaya ulivyozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Anayefanya kazi kiwandani hachezei karatasi.

Ila kazi ya karatasi inapumbaza. Katoni zikishafika mia, macho ya wengi wetu yanaanza kuona yanachotegemea kuona. Kijana wetu yeye anaona kilichopo. Chumba cha samaki walioganda kinatakiwa kiwe nyuzi 18 chini ya sifuri, au baridi zaidi ya hapo. Nimepita viwanda zaidi ya kimoja, na mahali pengi mtunza kumbukumbu huandika 18 kila saa kwa sababu jana ilikuwa 18 na juzi ilikuwa 18. Huyu huandika alichokisoma. Usiku mmoja akaandika 16.5, saa iliyofuata akaandika 16, kisha akaingia ofisini kwangu bila hodi akasema, "Mlango wa pili haufungi." Nikaenda. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika kule chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anayeinama. Tulihamisha mzigo usiku uleule, na asubuhi ukapimwa ukakutwa mzima.

Wakala mmoja aliwahi kumbembeleza aongeze kilo kidogo kwenye karatasi, "zungusha tu mwanangu, iwe namba nzima." Kijana akamsomea mzani upya, kwa sauti ileile. Akaombwa tena, akamsomea tena. Wala hakuwa anamkomesha. Kwake namba ni ile iliyo kwenye mzani, habari imeisha. Mimi mwenye dhamana ya stoo siwezi kukueleza usingizi nilioupata tangu nimpate mtu wa namna hiyo kwenye mzani.

Nisiwasingizie wote. Usonji una sura nyingi, na wapo wenye usonji wasiopenda namba kabisa, na wapo wanaosahau kama tunavyosahau sisi. Ninachokwambia ni kwamba ukimweka mtu kwenye kazi inayokubaliana na namna akili yake inavyotembea, unapata kazi ambayo hutaipata kwa mtu anayeivumilia tu. Kijana wako umeshamwona na ndoano. Hakuna usaili mzuri kuliko huo.

Sasa faida kubwa zaidi, ambayo hata uongozi wetu ulikuwa hauitegemei. Sisi wabantu maagizo yetu mengi ni ya kubahatisha. "Panga ule mzigo vizuri." "Njoo baadaye kidogo." "Fanya kama jana." Kijana huyu ukimwambia panga vizuri anasimama pale pale, kwa sababu hujamwambia vizuri ni nini. Basi ikabidi tuandike. Ubaoni, kwa herufi kubwa: safu 5 kwenda juu, lebo zitazame mlango, mzigo wa zamani mbele, hesabu inafanyika saa 4 na saa 9. Tuliandika kwa ajili yake, wakaja kufaidi wote. Kibarua mpya anasoma ubao anaanza kazi. Zamu ya usiku na zamu ya mchana walikuwa wakigombana kila juma, huyu anasema alimwambia yule, yule anasema hakuambiwa. Ugomvi ule umekwisha kwa sababu ya ubao. Kumbe miaka yote tulikuwa tunalaumu watu kwa maagizo ambayo hayakuwahi kutolewa.

Kuhusu shikamoo. Hili ni zito kwetu, tusilidharau. Kijana wetu alikuwa anampita mzee wa mapokezi kama anapita nguzo, na mzee aliumia kweli, akawa anasema mtoto hana malezi. Kwa ridhaa ya kijana mwenyewe nilisimama kwenye kikao cha asubuhi nikaeleza usonji ni nini, kwamba hakulaaniwa, hakurogwa, haambukizi, na ukimya wake si dharau. Wakakubaliana anyanyue mkono. Basi, anapita asubuhi ameunyanyua mkono, na mzee yuleyule anamjibu "marahaba." La kumtazama mtu machoni halikutusumbua hata kidogo. Kule Ulaya naambiwa asiyemtazama msaili machoni hukosa kazi, lakini Usukumani kijana anayemkodolea mkubwa macho ndiye mwenye matatizo.

Kelele ni kweli inamuumiza. Mitambo ya baridi inavuma saa zote, na wenzetu hawa wengi sauti huwaingia kwa ukali kuliko inavyotuingia sisi. Dawa yake ni vile vikinga masikio vya mafundi wa kukata vyuma, vinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Akizidiwa huwa anatoka nje, anatembea kando ya uzio, anarudi. Hatumfuati, hatumshiki bega, hatumuulizi una nini mbele za watu. Mabadiliko ya zamu tunamwambia siku moja kabla. Mapokezi hatumweki, simu hapokei, na kubishana na mawakala si kazi yake. Hayo ndiyo yote tunayoyabeba kwa ajili yake, pima mwenyewe kama ni mzigo.

Ndugu wa Kamanga, mikopo ya halmashauri ni jambo zuri na nimeona watu ikiwainua. Lakini kibanda ni kubembeleza wateja, kupatana bei, kukopesha na kudai. Hapo umemchukua kijana ukampa sehemu ile hasa ya biashara inayomchosha, na sehemu anayoiweza umeitupa.

Huko nje wapo waliojenga kampuni juu ya jambo hili. Mdenmark Thorkil Sonne, ambaye mwanawe aligundulika na usonji, alianzisha Specialisterne mwaka 2004, na watu wenye usonji wakawa wanakagua programu za kompyuta kutafuta makosa. Kampuni ya SAP ya Ujerumani ikaanza mpango wake mwaka 2013, Microsoft mwaka 2015. Ninachokipenda kwa Microsoft ni kuweka kando usaili wa kawaida; mwombaji anapewa siku kadhaa za kufanya kazi waone anavyofanya. Fikiria vijana wangapi huku kwetu wameangushwa na "hebu jieleze" wakati kazi waliyoiomba ni ya kupanga bidhaa.

Ila kuna mzee mmoja wa Marekani ambaye habari zake huwa nawasimulia wakubwa wangu. Anaitwa Donald Triplett. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner alipochapisha taarifa yake maarufu ya usonji, yenye watoto 11, Donald ndiye mtoto wa kwanza kwenye taarifa hiyo. Alikulia mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, akafanya kazi kwenye benki ya mji huo kwa miongo mingi, akaendesha gari lake, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Watu husimulia habari zake kwa sababu ya kipaji chake cha hesabu. Mimi huwa naangalia kitu kingine: benki ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Alipata watu waliokuwa na kazi ya kutoa, wakamjua, wakampa inayomfaa, na mji mzima ukamzoea mpaka akazeeka. Kijana wa Pasiansi hana babu mwenye benki. Jirani mwenye duka anaye.

Mshahara: mlipe sawasawa na unavyomlipa mtu wa stoo mwingine. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wakilipwa nusu kwa jina la kusaidiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu. Na kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Wewe hufikii 20, lakini ujue unachofanya ndicho ambacho wakubwa wengi wametakiwa kukifanya na hawajakifanya.

---

Safu na Mistari

Mimi nina usonji. Nina miaka 31. Nafanya kazi ya kuingiza kumbukumbu kwenye kompyuta, Mwanza mjini. Nitajibu yaliyoulizwa.

Biashara inapata nini: kwangu mimi, mwajiri anapata mtu ambaye hawezi kuiacha karatasi yenye kosa. Kosa likiwepo linanisumbua mwilini mpaka lirekebishwe. Silazimishwi. Lakini Stoo Igogo asiwafanye watu wafikiri hatuchoki. Tunachoka. Mimi sichoshwi na karatasi, nachoshwa na watu waliozunguka karatasi. Nikifika kazini nimeshachoka kwa sababu ya daladala kutoka Igoma: muziki, konda anapiga bati, mtu amenikalia begani. Mwajiri wangu amekubali nianze saa 1 asubuhi, kabla daladala hazijajaa, na niondoke mapema kwa saa zilezile. Hilo halikumgharimu hata shilingi, na kwangu limekuwa kubwa kuliko nyongeza ya mshahara.

Mengine ya kusaidia. Agizo liandikwe au litumwe kwa meseji. Likibadilika, liandikwe tena. Nikikosea niambiwe kosa ni lipi, nisiambiwe "uwe makini." Nikiwa kimya sijanuna. Wenzangu walikuwa wakiniuliza kila siku nimekasirikia nini, na nilikuwa natumia nguvu nyingi kutengeneza uso wa kuwaridhisha, mpaka jioni siwezi kuongea na mama yangu. Sasa wameacha kuuliza, na kazi ninayoitoa imeongezeka. Asiyepoteza nguvu kwenye kujifanya anazo za kufanyia kazi.

Neno la mwisho ni kwa Mama Ndoano. Umeandika ulivyoongea na mama yake, na kaka yako alivyosema, na wazee wa boti watakavyosema. Sijaona mahali ambapo kijana mwenyewe ameulizwa kama anaitaka hiyo kazi. Muulize yeye. Muulize kwa maandishi, swali moja kwa wakati, na umpe muda wa kujibu.

---

Bibi Nansio

Wanangu, mnaongea vizuri, na mimi niongeze langu kutoka huku Ukerewe.

Mwanangu mwenye usonji hasemi. Ana miaka 27, hajawahi kutamka sentensi, na ana kifafa pia, anakunywa dawa kila siku. Hana kipaji cha namba. Anachokipenda ni kutandaza dagaa kwenye vichanja, anatandaza mpaka kila dagaa amelala peke yake, hakuna aliyempanda mwenzake. Wanaoanika dagaa wanajua maana yake: dagaa waliobebana wanaoza tumboni wakati juu wamekauka, na mvua ikinyesha hapo umekwisha. Dagaa za kichanja chake zinakauka sawasawa, na mwenye mzigo anazitenga kwa wateja wake wazuri.

Lakini kwa muda mrefu mwenye mzigo alikuwa akimlipa sado (kindoo cha kupimia) ya dagaa, wakati wanawake wenzake kwenye vichanja vya jirani wanalipwa pesa. Akawa anasema, "mama, yeye pesa za nini, hajui kuzitumia." Nikamwambia mimi ninayenunua dawa za kifafa najua. Nilikwenda naye kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukakaa, tukaelewana, sasa analipwa kama wengine. Nawaomba, mnapozisifia faida zao msiishie kwa wale wanaojua kuongea na kuhesabu. Huyu wangu naye ana faida, na mtu ameipata kwa sado kwa misimu mingi.

Na wewe binti yangu wa Kirumba, Mungu akujalie. Mama yake huyo kijana najua anavyolala usiku akiwaza, mimi nikifa huyu atakula wapi.

---

Mama Ndoano (Kirumba)

Bibi Nansio, shikamoo. Nimesoma ulichoandika nikakaa kimya muda mrefu. Ahsante sana, na pole kwa yale ya sado.

Safu na Mistari, ulisema muulize yeye, nimemuuliza. Namba yake alinipa mama yake baada ya kijana kukubali. Nilimwandikia: "Unapenda kufanya kazi ya kupanga ndoano na vipuri dukani kwangu, kwa mshahara?" Hakujibu siku hiyo. Kesho yake asubuhi akaandika: "Ndoano ndiyo. Vipuri ndiyo. Kaunta hapana. Redio yenu iko juu sana." Nikamuuliza ni saa ngapi angependa kuja. Akajibu saa 2 kamili, na akauliza choo kiko wapi, kwa sababu hajawahi kukiona. Jamani, wasaidizi wote niliowahi kuwa nao hakuna aliyeniambia jambo lake waziwazi hivi kabla ya kuanza kazi.

Kaka yangu nimemsomea habari ya mlango wa chumba cha baridi. Hajakubali moja kwa moja, ila aliuliza, "Kwa hiyo akikuta boksi 3 na nusu ataandika 3 na nusu?" Nikamwambia ndivyo. Akasema basi aanze na stoo ya nyuma, tuone. Anayemjua kaka yangu anajua hiyo ni hatua.

Tumepanga aanze siku za mbalamwezi. Kipindi hicho wavuvi wa dagaa wanapumzika, taa hazivuti samaki mwezi ukiwa mkubwa, na duka linakuwa tulivu. Atazoea rafu na watu kabla ya giza kurudi na simu za visiwani kuanza. Binti wa dukani nimeshamwambia, na amefurahi, maana stoo alikuwa anaichukia. Yeye abaki mbele na wateja, hapo ndipo anapong'aa.

Stoo Igogo, nimebakiza moja kwako. Mkataba niuandikeje? Wasaidizi wangu wote ilikuwa ni kwa mdomo. Na mama yake anataka hela apokee yeye.

---

Stoo Igogo

Dada, hapo umefanya vizuri, na huo mpango wa mbalamwezi nimeupenda sana, mimi wa kiwandani nisingeufikiria.

Mkataba uandike kwa Kiswahili, na uwe wa maneno mafupi. Sheria ya ajira inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na asipoyaelewa ueleze kwa namna atakayoielewa. Kwa kijana wako maana yake ni kila jambo kwenye mstari wake: kazi ni zipi, kazi zipi si zake (kaunta iandike hapo kabisa), anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi, analipwa tarehe ngapi na kiasi gani, akiumwa anamtumia nani meseji. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa juma, na mtu akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate saa nzima ya kupumzika. Iandike saa yenyewe, 7 hadi 8 mchana, na uiheshimu hata mteja wa Ukara akiwa amesimama mlangoni. Usiandike "mapumziko ya mchana" ukaishia hapo. Siku za majaribio nazo mlipe.

Kuhusu hela, yeye ni mtu mzima wa miaka 22 na kazi ni yake. Mshahara uingie kwenye simu yake kwa jina lake. Kama atataka kumpa mama yake, atampa, wengi wetu tunawapa mama zetu. Mama akisononeka kaa naye chini umweleze kwa upole, maana miaka yote hiyo amebeba peke yake na hajazoea mwanawe kuwa na chake.

Nakala tatu: yako, ya kijana, na moja ibaki kwa mtu atakayemchagua mwenyewe. Mwandikishe NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, tangu mwezi wa kwanza. Na yule binti wa kaunta naye mwandikie wa kwake siku hiyohiyo.